Daftari la Wachelewaji

Kwa miaka sita, kila wiki ya zamu yangu ilipofika, nilisimama getini na kaunta buku mkononi. Kengele ya namba ikigongwa, geti linarudishwa, na kila anayeingia baada ya hapo anataja jina, kidato na mkondo, mimi naandika. Wakishaandikwa wanapiga magoti kando ya ukuta, halafu wanafagia uwanja wakati wenzao wameshaingia kipindi cha kwanza. Siku ya Jumanne, kipindi cha kwanza cha Kidato cha Kwanza B kilikuwa Jiografia, somo langu mwenyewe. Yaani mimi ndiye niliyewazuia watoto nje, na mimi ndiye niliyeingia darasani kuanza kufundisha bila wao. Sikuliona hilo. Ninaliandika leo kwa sababu lilifanyika kongamano hapa Dar es Salaam, la wasomi kutoka nchi mbalimbali, kuhusu usawa na ubunifu katika elimu, na nilikwenda pale nikiamini kwamba jibu ninalo.

Shule yetu ni ya kata, upande wa Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa. Ni moja ya zile zilizojengwa kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004, nia ikiwa kila kata iwe na sekondari yake na mtoto aende shule kwa miguu. Katika jiji hili kodi ya nyumba imeipiku nia hiyo. Mzazi aliyepanga Mtoni, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anahamia Mbagala. Mbagala nako kukipanda, anasogea Chamazi, Mbande, Kisewe. Mtoto anabaki na shule ileile. Na wapo wanaopangiwa kwetu tangu mwanzo ilhali nyumbani kwao ni huko huko mbali.

Asubuhi moja alikuja binti wa Kidato cha Kwanza, nitamwita Zuhura ingawa si jina lake. Saa mbili ilikuwa imeshapita. Kifungo cha juu cha shati kimekatika, soksi nyeupe zimekuwa na rangi ya udongo. Nikamuuliza kwa ukali tunaoujua sisi walimu wa zamu: ulilala wapi? Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na sarafu ya mia mbili, na alikuwa ameishika kwa nguvu na kwa muda mrefu hivi kwamba ilipotoka iliacha duara kwenye ngozi.

"Makonda wamenikataa, mwalimu. Nimetembea kutoka Zakhiem."

Nilimwandika kama wengine. Lakini ile duara ilinifuata siku nzima. Kesho yake nikapiga mistari mitatu mipya kwenye kaunta buku: anakaa wapi, ametoka nyumbani saa ngapi, amekataliwa na magari mangapi. Nikaendelea hivyo muhula mzima, hata wiki ambazo zamu haikuwa yangu. Majina yalikuwa yaleyale kila wiki, na karibu yote yalitoka Chamazi, Mbande na Kongowe. Waliochelewa kwa kulala walikuwepo, sikatai, ila walikuwa wachache, na wengi wao walikaa karibu na shule kiasi cha kusikia kengele wakiwa kitandani.

Nauli ya mwanafunzi kwa daladala ni shilingi 200, na mtu mzima hulipa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kila mkazi wa Dar anajua maana yake kituoni. Alfajiri moja nilikwenda Rangi Tatu saa kumi na moja, nikajibanza karibu na muuza chai nitazame. Gari linafika, watoto wanakimbilia mlangoni, mkono wa konda unashuka kama kizuizi cha reli: "Madenti wawili tu! Wawili!" Wawili wanapita chini ya kwapa lake, wengine kumi wanarudi nyuma kungoja linalofuata. Hakuna anayelia. Wameshazoea, na hilo liliniumiza kuliko lile la kuzuiwa.

Nilimfuata konda mmoja gari lilipokuwa linangoja abiria. Nilikuwa na hasira naye. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Madam, hili gari si langu. Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, na mafuta ni juu yetu mimi na suka. Nikijaza madenti, hesabu naitoa wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Serikali imeweka nauli ya chini kwa mwanafunzi, na ni jambo jema, lakini ile tofauti ya fedha hailipwi na mtu yeyote ila konda na dereva, kutoka kwenye ujira wao wa siku hiyo. Kila asubuhi tunamtaka kijana mwenye familia yake agharimie elimu ya watoto wa wenzake, akikataa tunamwita katili.

Nikapiga na hesabu nyingine. Kabla ya elimu bila ada kuanza Januari 2016, ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kuifuta kulifungua milango kwa watoto wengi sana. Mwanafunzi anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi anatumia 400 kwa siku. Kwa siku kama 190 za masomo hiyo ni shilingi 76,000, karibu mara nne ya ada iliyofutwa. Anayeunganisha magari mawili zidisha mwenyewe.

Mhadhiri aliyekuja kukagua wanachuo wake wa BTP, yaani walio kwenye mazoezi ya kufundisha, ndiye aliyeiona kaunta buku mezani kwangu. Aliifunua kurasa tatu, nne, akakaa chini. Akasema kuna kongamano, andika ikisiri, yaani muhtasari wa mada yako, nitakusaidia. Niliandika kwa Kiswahili usiku mmoja, maneno yalikuja yenyewe. Likaja jibu kwamba maandiko yote yawe kwa Kiingereza. Yule mhadhiri akanitafsiria kwa moyo wake wote, na ninamshukuru, lakini niliposoma kilichotoka sikumwona konda, wala tajiri, wala hesabu, wala mkono mlangoni. Vyote vimekuwa kitu kimoja kinachoitwa kwa Kiswahili cha maofisini "changamoto za usafiri". Tumelizoea hilo neno changamoto. Linafunika kila kitu kama turubai, na chini yake huwezi kujua kama kuna mtu.

Siku ya kwanza ya kongamano niliamka mapema, nikavaa gauni la kitenge nililoshonesha kwa ajili hiyo. Ukumbi ulikuwa mjini, wenye kiyoyozi kikali na viti vya kuzunguka. Mada zilikuwa nzuri, tena zilinihusu: madarasa yaliyojaa, watoto wenye ulemavu, wasichana wanaorudi shule baada ya kujifungua, jambo ambalo kwetu liliruhusiwa Novemba 2021. Katika mjadala wa madarasa yaliyojaa nilikuwa na la kusema. Nafundisha mkondo wenye wanafunzi zaidi ya tisini, na kuna namna ya kuwapanga makundi ambayo imenisaidia. Nikaipanga sentensi ya Kiingereza kichwani. Nikaikagua wakati wa kitenzi. Nikaipanga upya. Nilipokuwa tayari kunyosha mkono, mjadala ulikuwa umeshahamia kwingine. Ikawa hivyo asubuhi, ikawa hivyo mchana. Kutwa nzima sikufungua kinywa, na bila shaka aliyekuwa ananitazama aliona mama mmoja mtulivu asiye na mchango.

Nikiwa ndani ya mwendokasi jioni ile ndipo nilipowaona watoto wangu wa Januari. Wametoka msingi, miaka saba wamesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, wanaingia kwangu nawauliza kwa Kiingereza mmomonyoko wa udongo husababishwa na nini. Wanatazama meza. Mara ngapi nimesema moyoni, hawa wa mwaka huu ni wazito? Na mara ngapi nikiuliza swali hilohilo kwa Kiswahili, mlango ukiwa umefungwa, mtoto anayekaa karibu na Mto Mzinga ananieleza jinsi maji yanavyokula kingo, jinsi jirani alivyopoteza choo halafu jiko, kwa ufasaha ambao kitabu changu hakina? Mtoto yule yule. Ana elimu hiyo kichwani muda wote, anapanga sentensi, na mimi nimeshahamia swali lingine.

Si jambo jipya, najua. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuangalia elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, na pendekezo likaishia kwenye makaratasi. Kuanzia 2002 watafiti wakiwemo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo, kupitia LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, walichunguza kinachotokea mtoto anapofundishwa kwa lugha anayoielewa na kwa ile asiyoielewa. Nilifundishwa haya chuoni, nikajibia mtihani, nikafaulu. Ilibidi nikae kutwa nzima kwenye kiti cha kuzunguka bila kusema neno ndipo niyajue.

Watu wa pande zote mbili za hoja hii ni ndugu zetu. Mzazi wa Mbande anataka mwanawe ajue Kiingereza kwa sababu ameona nani anapata kazi, na simlaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kunyamazishwa nacho ni jambo lingine.

Siku ya pili asubuhi ilitolewa mada iliyonigusa kuliko zote. Ilihusu majaribio yaliyofanyika Tanga ya shindano la Global Learning XPRIZE, ambapo watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, na umeme wa jua wa kuvichaji. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imeshuka kwa nusu. Mwaka 2019 programu mbili zikagawana ushindi, Kitkit School na onebillion. Ukumbi uliuliza sana juu ya vishikwambi: bei, betri, skrini. Mimi nilibaki na lile neno dogo lililopita haraka: kwa Kiswahili. Na lingine: vifaa vilimfuata mtoto kijijini kwao. Hakuna mtoto aliyeambiwa aje navyo saa moja asubuhi akichelewa apige magoti.

Zamu yangu ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Dakika kumi na mbili. Slaidi za Kiingereza zilikuwa tayari, na nilikuwa nimekariri kila mstari. Nilipofika kwenye kipaza sauti nikamgeukia mwongoza mjadala, nikamwambia, "Mheshimiwa, naomba nizungumze kwa Kiswahili. Mwenzangu atafasiri." Yule mhadhiri wangu akasimama bila kuitwa mara ya pili. Hakuna aliyepinga. Hapa hapa Dar es Salaam, Agosti 2019, wakuu wa nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, walikubali Kiswahili kiwe lugha yao rasmi ya nne, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Kama marais wanaweza kukizungumza, mwalimu wa Jiografia naye anaweza.

Niliinua kaunta buku, nikasoma. Jina nimelificha, anakaa Chamazi, ametoka saa kumi na robo, magari tisa. Anakaa Mbande, saa kumi, magari kumi na moja. Nikasoma ukurasa mzima. Nikaeleza habari za konda, na za tajiri wake. Mwalimu mmoja kutoka Mombasa alikuwa anaitikia kwa kichwa tangu nilipoanza, na mama mmoja kutoka Bukavu akaanza kumnong'oneza jirani yake Kifaransa, akimtafsiria kabla hata mfasiri wangu hajamaliza. Mikono ikanyooshwa. Wengine walipendekeza mabasi ya shule, wengine kadi ya mwanafunzi ambayo serikali itamfidia mwenye gari ile tofauti ya nauli. Hilo la fidia bado naamini ndilo la maana, na nitalisema popote nitakapopewa nafasi.

Kisha akasimama mtafiti kutoka Zambia, mama wa makamo. Wao waliruhusu wasichana waliopata mimba kurudi shule tangu 1997, na kazi yake ya miaka mingi ni kuwatafuta wale ambao ruhusa ilitoka na bado hawakurudi. Alinishukuru kwanza. Halafu akauliza, na mhadhiri wangu akanifasiria polepole:

"Mwalimu, daftari lako lina waliochelewa. Ambao hawakufika kabisa wameandikwa wapi?"

Nilifungua mdomo kujibu kwamba hao wako kwenye rejista, ni kazi ya mwalimu wa darasa. Sikusema. Kwa sababu papo hapo nilikumbuka kwamba jina la Zuhura lilijaa kwenye kurasa za mwanzo wa muhula, na katikati likaacha kuonekana. Nilipoona halipo nilifurahi. Nilidhani ameanza kuwahi. Nilikuwa nimemtolea mfano kwa walimu wenzangu, kwamba mtoto akisikilizwa anabadilika.

Siku ya tatu ya kongamano sikwenda. Nilikwenda shuleni, nikaomba rejista ya Kidato cha Kwanza B. Mstari wake ulikuwa na alama za utoro wiki ya tano, ya sita, ya saba, mpaka mwisho. Ninafundisha darasa hilo vipindi vitatu kwa wiki. Katika watoto zaidi ya tisini sikuona kwamba mmoja hayupo, tena yule ambaye habari zake nilikwenda kuwasimulia watu wa mataifa.

Kikao cha walimu kilichofuata nilisema yote. Mwalimu wa nidhamu alinipinga, na alikuwa na hoja: "Tukilegeza geti, mwezi ujao hata wa jirani watakuja saa tatu." Tulivutana mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana anayechelewa aingie darasani moja kwa moja, aandikwe na mwalimu wa kipindi, na maswali yaulizwe wakati wa mapumziko. Magoti yaliondolewa. Kufagia kukahamishiwa jioni, kwa zamu, kwa wote. Mkuu wa shule akaongeza la kwake, kwamba asiyeonekana siku tatu mfululizo mwalimu wa darasa apige simu nyumbani, na vocha itatoka ofisini. Utekelezaji una mashimo mpaka leo. Simu nyingi hazipatikani, namba za wazazi zinabadilika kama kodi za nyumba.

Jumamosi nilipanda gari la Mbande. Nilishuka mwisho wa gari, nikauliza, nikaelekezwa, nikauliza tena. Mama yake alikuwa anachoma vitumbua kwenye kibaraza, akanivutia kigoda bila kujua mimi ni nani. Zuhura alitoka ndani amebeba mdogo wake mgongoni. Akaganda aliponiona, kisha akashuka ngazi moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sijaja na daftari."

Alikaa kwenye mkeka, akawa anachezea kona yake. Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimewauliza wenzake wote, ila nilimuuliza likiwa la kwanza la mengi, na sikuwa na haraka. Ulikuwa unatoka hapa saa ngapi?

"Saa kumi. Saa kumi na nusu magari yanakuwa yameshajaa wa mjini."

Giza? Giza. Na nani? Mwanzoni na rafiki yake wa Kidato cha Pili, baadaye yule akahamia kwa shangazi yake Yombo. Akabaki peke yake. Kukawa na kijana wa bodaboda pale kwenye gereji, akawa anampa lifti mpaka kituoni, bure, kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kumwambia kwamba lifti zote hizo zina deni. Zuhura hakupanda tena. Kijana akawa anamfuata na pikipiki taratibu, taa ikimmulika mgongoni, mpaka kituoni. Akamwambia mama yake. Mama akasema basi, kaa.

"Ningefanyaje, mwalimu?" mama akaniuliza, mkono wenye kijiti cha kugeuzia vitumbua umesimama hewani. "Baba yao yuko Mtwara. Mimi nikimsindikiza, huyu mdogo namwachia nani?"

Kwenye msumari juu ya mlango ilitundikwa sare, imefuliwa, na kifungo kipya cha juu kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Tulizungumza mpaka vitumbua vikaisha. Mama aliniuliza kama sekondari ya karibu nao inaweza kumpokea katikati ya mwaka. Jumatatu tukaandika barua ya uhamisho, na mkuu wetu akaibeba mwenyewe badala ya kuituma. Ilichukua wiki tatu. Nilimwomba mama asiache kumsomesha usiku hapo katikati, nikampelekea madaftari ya wenzake akopi.

Zuhura sasa anatembea dakika ishirini, mchana kweupe. Katika Kidato cha Kwanza B bado nina watoto kumi na mmoja wanaotoka Mbande na Chamazi. Nimeanza na nyumba ya kwanza, Jumamosi hii nakwenda ya pili.